Uzamili wa Falsafa na Masomo ya Dini kwa Msomi wa Mtwara na Lindi: Njia Nne Zikilinganishwa

Wapo wahitimu wengi wa shahada ya kwanza katika mikoa hii miwili, walimu wa sekondari, watumishi wa kanisa, maustadhi na maofisa wa mashirika ya kijamii, wanaotamani kuendelea na masomo ya juu ya falsafa au ya dini lakini hukwama mahali pamoja: waende Dar es Salaam, wajiunge na chuo kinachomilikiwa na taasisi ya dini, wavuke mpaka kwenda Nairobi au Kampala, au wabaki nyumbani na kusoma kwa masafa. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vilevile, bila kudai kwamba ipo moja inayomfaa kila mtu. Naandika nikiamini kwa dhati kwamba kusini kuna utajiri mkubwa wa maswali ya taaluma hizi, na kwamba msomi wa huku anastahili chuo kitakachompa zana za kuyashughulikia maswali hayo, wala si chuo kitakachomfanya ayaache nyuma.

Anza na aina ya swali

Falsafa, masomo ya dini na theolojia huishi jirani, mara nyingine chini ya mkuu wa idara mmoja, lakini kila moja huuliza kwa namna yake, na anayeomba nafasi bila kuitambua tofauti hiyo hujikuta mwaka wa kwanza anasoma mambo ambayo hakuyakusudia. Tuchukue jando, jambo ambalo hakuna Mmakonde, Myao, Mmakua wala Mmwera anayehitaji kuelezwa. Mwanafalsafa atauliza ni nini kinachomfanya mtu kuwa mtu mzima, kama mila inaweza kuwa hoja ya kutosha ya kumtaka mtoto apitie jambo ambalo hakulichagua, na utu una maana gani pale jamii inapodai kwamba aliyekosa jando bado hajakamilika. Mtafiti wa masomo ya dini hatatoa hukumu. Atataka kujua nani hufanya nini, lini, na kwa maneno gani. Atafuatilia, kwa mfano, jinsi Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alivyokataa kulipiga jando marufuku na badala yake akalitafutia umbo la Kikristo, sala za kanisa zikachukua nafasi ya maombi kwa mizimu, na kwa nini jitihada kama hiyo ilikuwa ngumu zaidi kwa upande wa unyago wa wasichana. Mwanatheolojia naye, awe Mkristo au Mwislamu, husimama ndani ya imani yake na kuuliza ni lipi lililo sahihi mbele ya Mungu, na waumini waongozwe vipi.

Hakuna swali lililo bora kuliko jingine kati ya hayo. Lakini kila moja lina mlango wake chuoni, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uandike swali lako katika ukurasa mmoja kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni msimamizi wa tasnifu, yaani kama yupo mwalimu katika idara hiyo aliyewahi kushughulikia jambo linalokaribiana na lako. Cha pili ni muundo wa masomo, kwa kuwa zipo programu zinazoanza na kozi za darasani kisha tasnifu, na zipo zinazodai utafiti mtupu tangu mwanzo. Cha tatu ni vyanzo na lugha: maktaba, nyaraka, na lugha utakazolazimika kujifunza. Cha nne ni gharama pamoja na ratiba ya maisha yako, ikiwemo ruhusa ya mwajiri. Cha tano ni kutambuliwa kwa shahada na mahali inapoweza kukupeleka baadaye.

Kigezo cha sifa za kujiunga sikukiweka katika orodha hii kwa sababu hakitofautiani sana. Kwa kawaida nchini hutakiwa shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 katika mizani ya 5, yaani daraja la pili la chini. Aliyesoma ualimu wa historia au Kiswahili asijione yuko nje, ingawa anaweza kutakiwa kuchukua kozi za msingi za mantiki na historia ya falsafa.

Njia ya kwanza: chuo kikuu cha umma, Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kina idara ya falsafa na masomo ya dini ndani ya Ndaki ya Insia. Faida yake kubwa ni kwamba falsafa na masomo ya dini hufundishwa pale bila kumtaka mwanafunzi awe muumini wa dini fulani, na darasa moja huweza kuwa na padre, mwalimu wa madrasa na mtu asiye na dini wakibishana juu ya hoja moja kwa masharti yaleyale. Kwa anayetaka kuyatazama mambo ya dini kwa macho ya mtafiti, mazingira hayo ni ya thamani kubwa.

Kwa upande wa vyanzo, Dar es Salaam ina jambo ambalo Nairobi na Pretoria hazina: Nyaraka za Taifa, ambako kumbukumbu za utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza zimehifadhiwa. Mtu anayetaka kuandika kuhusu barua zilizodaiwa kutoka Makka, zilizosambaa Lindi na pwani ya kusini mwaka 1908 na kuwatia hofu maofisa wa Kijerumani, au kuhusu imani ya maji iliyowaunganisha Wamatumbi na wenzao mwaka 1905, hawezi kukwepa nyaraka hizo. Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Faili za Wajerumani zimeandikwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa mkono wa zamani, na mwanafunzi anapaswa kuamua mapema kama atajifunza lugha hiyo au ataichagua mada isiyoihitaji.

Muundo wa kawaida wa uzamili katika vyuo vya umma ni kozi kwanza na tasnifu baadaye, kwa kipindi cha mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ingawa wengi huchelewa kwenye tasnifu. Gharama inayosahaulika si ada. Ni pango na chakula cha Dar es Salaam, pamoja na safari. Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na ingawa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kivuko cha Rufiji, mvua kubwa bado zinaweza kuikata barabara kama ilivyotokea upande wa Kilwa mwezi Mei 2024. Anayepanga kurudi nyumbani kila baada ya wiki chache kwa ajili ya familia aipime ahadi hiyo kwa ukweli.

Njia hii inamfaa mwenye swali la kihistoria au la kifalsafa linalohusu Tanzania, anayeweza kupata ruhusa ya masomo kazini, na anayelenga kufundisha chuoni au kufanya kazi katika taasisi za umma.

Njia ya pili: vyuo vya taasisi za dini

Hapa tunazungumzia vyuo kama Tumaini Makumira kilichopo Usa River karibu na Arusha, ambacho ni cha Kanisa la Kilutheri na kinasifika kwa theolojia. Jordan cha Morogoro, kilichokua kutoka taasisi ya falsafa na theolojia ya Wasalvatoriani. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino chenye makao makuu Mwanza. Mtwara mjini tunacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, ambacho ni cha familia hiyohiyo ya Mtakatifu Agustino, lakini kinajulikana zaidi kwa ualimu, na sitamshauri mtu akichague kwa ukaribu tu kabla ya kuuliza kama programu anayoitaka inatolewa pale kwa ngazi ya uzamili.

Watu wasiovijua vyuo hivi hudhani kwamba mwanafunzi hufundishwa katekisimu tu. Si kweli. Utaratibu wa kuwaandaa mapadre umelifanya somo la falsafa kuwa la lazima katika Kanisa Katoliki, na kwa sababu hiyo mtu atakutana na Aristotle, Thomas Aquinas na Kant kwa mpangilio na uzito ambao si rahisi kuupata kwingine nchini. Vivyo hivyo, chuo cha Kiislamu kitampa mwanafunzi Kiarabu, tafsiri ya Kurani, fiqhi (sheria ya Kiislamu) na usuli wake kwa kina ambacho idara ya kawaida haiwezi kukifikia. Anayetaka kuzisoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika miji yetu ya zamani, Kilwa, Lindi na Mikindani, atauhitaji msingi huo kabla ya kitu kingine chochote. Kadhalika anayefanya tafsiri ya Biblia hana budi kupita kwenye Kigiriki na Kiebrania, na huko Makumira ni mahali panapostahili kufikiriwa.

Upande wa pili wa sarafu ni uhuru wa swali. Msimamizi katika chuo cha dini anaweza kuwa mwanazuoni mkubwa na mwaminifu, lakini mada fulani zitachukuliwa kuwa ni za ndani ya imani, na mwanafunzi anayetaka kuikosoa taasisi yenyewe, au kuilinganisha dini yake na nyingine bila kuipa yake nafasi ya juu, anaweza kujikuta anazungushwa. Lizungumze jambo hili waziwazi na msimamizi kabla ya kulipa ada. Pia uliza kama programu imesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ngazi ya uzamili, kwa kuwa chuo kusajiliwa hakumaanishi kwamba kila programu yake imeidhinishwa.

Kuhusu gharama, vyuo hivi vina milango ambayo vingine havina: jimbo, dayosisi, shirika la watawa au taasisi ya Kiislamu inaweza kumlipia mtumishi wake. Ufadhili wa namna hiyo huja na wajibu wa kurudi kutumika, jambo ambalo kwa wengi ni baraka, mradi limeandikwa na kila upande umelielewa.

Njia hii inamfaa kiongozi wa dini, mwalimu wa Maarifa ya Biblia au wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na yeyote ambaye swali lake linachimbuka ndani ya imani anayoiishi.

Njia ya tatu: Nairobi na Kampala

Naomba nikae kidogo katika njia hii, kwa sababu wasomi wa kusini huitupa mapema mno kwa kudhani ni ya wenye fedha. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara inayounganisha falsafa na masomo ya dini, na ndiko Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995, alikoendesha utafiti wake maarufu wa fikra za wahenga. Wazo lake lilikuwa kwenda kwa wazee wenye hekima vijijini, kuwahoji kwa kina, na kuwatenganisha wale wanaokariri tu yaliyosemwa na jamii na wale wanaoyapima na kuyakosoa kwa akili zao wenyewe. Hao wa pili, alisema, ni wanafalsafa hata kama hawakuwahi kuandika. Kwa mtu wa Newala au Ruangwa anayetamani kuwahoji makungwi na wazee wa mila si kama watunza desturi tu bali kama watu wanaofikiri, hiyo ni mbinu iliyokwisha kufunguliwa njia, yenye watetezi na wakosoaji wake, na ni faida kubwa kuisoma mahali ilipozaliwa.

Kampala nako kuna urithi wake. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, na hoja yake kuhusu wakati katika fikra za Kiafrika aliijenga juu ya maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Wengi wameipinga tangu hapo. Mwafrika kutokuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali, kama alivyodai, ni jambo ambalo mkulima wa mkorosho, anayepanda mti utakaowalisha wajukuu, anaweza kulijibu vizuri sana, na natamani siku moja tasnifu ya namna hiyo itoke Tandahimba. Makerere ina idara ya falsafa na idara nyingine inayoshughulikia dini na amani. Nairobi pia ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichoanza mwaka 1984 kama taasisi ya juu ya Kikatoliki, kwa wanaotaka kuchanganya faida za njia hii na za njia ya pili.

Muundo hufanana na wa kwetu, kozi na tasnifu. Mtanzania huingia Kenya na Uganda bila viza, ila atahitaji kibali cha mwanafunzi. Uliza kwa maandishi kama chuo kinawatoza raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ada sawa na wenyeji, kwa sababu jibu la swali hilo moja laweza kubadili hesabu yote. Uzito wa njia hii uko kwenye utafiti: ukisoma nje na kuja kukusanya taarifa Mtwara, uliza mapema COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuhusu kibali cha utafiti, na ukirudi na shahada utaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe. Hakuna lisilowezekana hapo, ila yote huchukua muda na fedha.

Njia hii inamfaa mwenye swali la falsafa ya Kiafrika au la dini na amani, mwenye Kiingereza cha kuandika kilichokomaa, na aliye tayari kuwa mbali.

Njia ya nne: masafa

Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, chenye makao Pretoria, kilianzishwa mwaka 1873 na tangu mwaka 1946 kimekuwa kikifundisha kwa masafa. Uzoefu wake katika falsafa na masomo ya dini ni wa muda mrefu. Nchini tunacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani, Mtwara na Lindi vikiwemo. Tazama kwanza kama kina programu inayobeba swali lako. Ikiwepo, ukaribu wa kituo ni msaada mkubwa.

Faida ya masafa iko wazi. Mwalimu haachi darasa, mfanyabiashara haachi duka, na mkulima anaweza kupanga malipo ya ada yafuatane na minada ya korosho inayoanza Oktoba. Aidha, mtafiti anabaki palepale ulipo utafiti wake. Hasara yake ni upweke. Falsafa hujifunzwa kwa kubishana, na anayesoma peke yake anaweza kuandika sura nzima juu ya hoja ambayo mwenzake darasani angeivunja kwa dakika tano. Uzamili wa utafiti mtupu hudai pia pendekezo lililokamilika tangu mwanzo, msimamizi hupatikana kwa barua pepe, na ada inayolipwa kwa randi hupanda na kushuka pamoja na thamani ya shilingi.

Anayechagua njia hii ajitafutie watu wa kusoma nao, hata kama ni watatu tu, na aombe ruhusa ya kutumia maktaba zilizopo karibu. Abasia ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906 baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, ni moja ya mahali ambapo barua ya heshima ya kuomba kusoma inafaa kupelekwa.

Kuhusu Ulaya nitasema kwa ufupi. Ipo misaada ya masomo kama Chevening kwa Uingereza na DAAD kwa Ujerumani, na nyaraka nyingi za kusini ziko huko: za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyofika Masasi mwaka 1876, zimehifadhiwa Oxford, na za Wabenediktini ziko St. Ottilien. Lakini uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, na muda huo hautoshi kujifunza taaluma mpya na kufanya utafiti Mtwara kwa pamoja. Kwa wengi, Ulaya inafaa zaidi kuwa hatua ya uzamivu.

Kwa hali yako

Ikiwa wewe ni mwajiriwa wa serikali na mwajiri amekubali kukupa ruhusa ya masomo, pima kwanza Dar es Salaam, hasa kama mada yako inategemea nyaraka. Ruhusa ikikataliwa, usiache kazi kwa haraka. Anza na masafa, na ukiona baada ya muhula wa kwanza kwamba huwezi kuandika bila darasa, omba kuhamia mahali pengine ukiwa na pendekezo lililokwisha kuiva.

Ikiwa unatumikia kanisa au msikiti na utarudi kuutumikia, chuo cha taasisi ya dini kitakupa lugha na matini utakazozitumia maisha yako yote. Lakini ikiwa unakusudia kukaa katika kamati za amani za mkoa, au kushughulikia mahusiano ya Waislamu na Wakristo katika mji kama Lindi ambako familia moja huwa na watu wa dini zote mbili, basi angalau msimamizi mmoja atoke nje ya dini yako.

Ikiwa swali lako ni la maadili ya jamii, kwa mfano haki ya wenyeji juu ya gesi ya Mnazi Bay na Songosongo, au jinsi mzee wa kijiji anavyopima fidia ya ardhi ya mababu, utahitaji mwanafalsafa aliyezoea kusikiliza watu. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zote zinaweza kukufaa, na atakayeamua ni msimamizi atakayejibu barua yako kwa maswali badala ya sifa.

Ikiwa wewe ni mama mwenye watoto wadogo na hakuna wa kukushikia nyumba, masafa ni njia halali isiyo na unyonge wowote. Ila omba muda mrefu zaidi tangu mwanzo, usingoje kuuomba baada ya kuchelewa.

Na ikiwa bado huna swali, subiri mwaka mmoja. Soma, zungumza na makungwi na masheikh wa mtaa wako, nenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu, andika yanayokutatiza. Vyuo vingi vya nchini huanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Kwa hiyo ukurasa wako mmoja ukiwa tayari kufikia Februari, utakuwa na muda wa kuwaandikia wasimamizi watatu wa vyuo tofauti, kulinganisha majibu yao, na kuomba barua za wadhamini kabla dirisha la maombi halijafungwa.